Usajili wa Mnara

Tangu asubuhi Meneja alijua kwamba leo kamati ya klabu yake ya kikapu itamkalia kooni kwa ajili ya Mnara. Alijua pia kwamba jibu la kweli analo, ila jibu lenyewe ni la kufa nalo. Alivaa shati lake zuri, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akatokea sebuleni. Mnara mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi, magoti yamefika karibu na kidevu, anapuliza chai.

"Ndiyo unaenda, bosi?"

"Ndiyo naenda."

"Wakinikata uniambie mwenyewe. Nisije nikasikia kwa kinyozi."

"Nani akukate? Hebu kunywa chai, mzee, acha kuniletea mkosi asubuhi asubuhi."

Mnara akacheka. Kwa umri alikuwa mdogo wake Meneja, tena kwa mbali, lakini katika mpira wa kikapu alikuwa ameshakula chumvi nyingi, na Meneja alipenda kumwita mzee ili kumchokoza. Akatoka, akafunga mlango taratibu, akasimama kidogo nje akisikia televisheni inawashwa ndani. Wapo watu ambao wakisikia hivyo wanarudi kugomba kwamba umeme unaliwa bure. Yeye sauti ile ilimpa raha mpaka akajionea haya.

Sasa, klabu hiyo ilikuwa na mtindo wake, na bila kuujua mtindo huo hutaelewa kwa nini mtu mzima alikuwa anatokwa jasho kabla jua halijapanda. Ilikuwa klabu ya wanachama. Ofisi yake ilikuwa kachumba kalikojaa makombe ya zamani na mipira iliyoishiwa upepo, hata watu watatu hawakai. Basi kila ligi ikifika katikati, kamati ilikuwa inakaa ndani ya uwanja wenyewe. Viti vya kamati vinapangwa kwenye mstari wa mitupo ya adhabu. Kiti cha Meneja kinawekwa peke yake kule mwisho, chini kabisa ya goli, anawatazama wao na wavu unaning'inia juu ya utosi wake. Halafu mchezaji mmoja mmoja aliyesajiliwa anatajwa, na Meneja anaeleza kwa nini alimchukua na kwa nini alimlipa alichomlipa. Wenyewe waliita hali hiyo kukaa chini ya ringi, yaani chini ya chuma cha goli. Meneja aliyemtangulia alikaa hapo mara moja tu. Alipoinuka alipitiliza mpaka kituo cha basi, na koti lake lilibaki ofisini mpaka nondo wakalimaliza.

Hebu niuseme huo ukweli, maana Meneja hawezi kuusema.

Mke wake alikuwa amefariki. Watoto hawakujaliwa. Baada ya mazishi ndugu walikaa kaa, wakaosha vyombo, wakamwambia ajikaze, wakaaga. Alijikaza. Akawa anakula amesimama jikoni, kwa sababu meza ilikuwa ya watu wawili na kiti cha pili kilikuwa kinamtazama. Akawa anaacha redio imewashwa anapokwenda kazini, ili akirudi akute mtu anaongea, hata kama ni wa taarifa ya habari. Pale klabuni watu walimsalimia vizuri, wakamwita mkubwa, wakamwomba posho, jioni wakaenda makwao. Hakuna aliyemkosea. Ndiyo ubaya wa upweke, jamani, hata mtu wa kumlaumu huna.

Ndipo akasafiri kwenda mji mwingine kumfuata kijana mmoja mfungaji hodari. Alifika amechelewa. Kijana alikuwa ameshatia saini kwingine, na wakala wake akamcheka usoni. Meneja akabaki ameshika tama kwenye viti vya watazamaji, uwanja mtupu, watu wanazima taa. Chini kidogo, mchezaji mrefu kupita kiasi alikuwa anajifunga barafu magotini. Akageuka, akamtazama, akasema, "Mkubwa, umekula?"

Swali hilo tu. Meneja akajaribu kukumbuka ni lini aliulizwa mara ya mwisho, akashindwa. Walienda kula mayai kwenye kibanda cha jirani, wakaongea mpaka mwenye kibanda akaanza kupandisha viti juu ya meza. Kesho yake alimsajili. Senta, maana yake yule mrefu wa kusimama karibu na goli na kugombea mipira, mwenye magoti yaliyochoka na umri ambao wenzake wameshastaafu, akapewa mkataba mzuri kuliko aliokuwa anauota. Na kwa vile klabu inatakiwa impe mchezaji wa kuja mahali pa kulala, Meneja akasema yeye ana chumba, klabu iache gharama. Kamati ikamsifu kwa kubana matumizi.

Alisajili mtu wa kuongea naye, kwa pesa za wanachama. Usinitafutie jina jingine zuri la kitendo hicho. Hata yeye hakulitafuta.

Lakini nyumba ilipona. Palikuwa na ndala kubwa mlangoni za kujikwaa. Palikuwa na mtu wa kubishana naye kama refa ameona au hakuona, mtu wa kukohoa chumba cha pili, mtu wa kumaliza sukari bila kusema. Meneja alirudi kukaa mezani. Jioni moja alimsimulia Mnara habari zote za marehemu, ugonjwa ulivyoanza, alivyokuwa anatania wauguzi, siku ile ya mwisho alivyomwomba amfungulie dirisha. Hakuwahi kumsimulia mtu. Mnara alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana, bosi," na akakaa naye kimya bila kugusa simu. Mnara naye alikuwa na mke na mabinti kule mjini kwao. Alikuwa akiwapigia simu barazani, na Meneja alipunguza sauti ya televisheni ili wasikilizane.

Sasa unaelewa kilichokuwa mezani. Wengine wakikaa chini ya ringi waliogopa kupoteza kazi. Meneja aliogopa kurudi kula amesimama.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa na duka la dawa, na kila alipokosa la kusema alifuta miwani. Mhasibu alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini, ambaye ukimwona anatabasamu ujue umekwisha. Wa tatu alikuwa kinyozi, mwakilishi wa mashabiki, wote wakimwita Redio kwa sababu hana pa kuzimia. Kocha alikaa pembeni kwa ajili ya kuulizwa.

Mambo yalianza vizuri. Mlinzi mpya wa timu alisifiwa kuwa amestahili kila senti. Mfungaji wa kigeni alisemwa kwamba anapenda mno kujitazama kwenye vioo, lakini vikapu anafunga, basi asamehewe. Meneja alijibu, akafafanua, hata akachekesha kidogo. Halafu Mhasibu akatabasamu.

"Tuje kwa Mnara."

"Ee, tuje huko," Redio akadakia. "Wateja wangu wamenituma nimwambie kwamba kama kazi yake ni kukaa tu, pale dukani kwangu kuna viti vinazunguka."

Hata Mwenyekiti alicheka.

"Mshahara wake," Mhasibu aliendelea, "ungetosha kubadilisha hii sakafu. Itazame ilivyobanduka. Mechi nyingi anaingia dakika za mwisho, wakati watu wameshaanza kutoka. Meneja, ulimchukua wa nini?"

"Uzoefu," Meneja akasema.

"Uzoefu!" Redio akapiga paja. "Hata kochi langu la nyumbani lina uzoefu, mbona hulisajili?"

"Nijibu swali moja tu," akasema Mhasibu. "Pesa hii ingekuwa yako, ya mfukoni mwako, ungemsajili?"

Meneja nusura acheke. Ingekuwa yake angeuza gari. Angeuza na kitanda.

"Ningemsajili," alisema, na sauti ikamkatika katikati ya neno.

Wao walidhani ni uchungu wa kazi. Redio alinyamaza, na hilo halikuwa jambo dogo. Meneja alipoona wamenyamaza akaona hana njia ila kusema chochote kinachokuja, na kilichokuja ni kile alichokuwa anakiona kwa macho yake kila jioni akimsubiri Mnara amalize ili warudi nyumbani pamoja.

"Mazoezi yakiisha ninyi hamjui kinachoendelea humu," akasema. "Wenzake wanakwenda kuoga. Yeye anabaki na yule senta wetu chipukizi. Anamsimamisha hapa hapa nilipokaa. Anamwambia mguse mtu kwa mkono huu kabla mpira haujaja, ujue uzito wake uko mguu gani. Anamwambia usiruke. Akikutishia, usiruke. Akikutishia tena, mwache ajitishe mwenyewe. Wanarudia mpaka kijana analia. Mkumbuke mwanzo wa msimu alivyokuwa, halafu mniambie nani amemfanya alivyo sasa. Muulizeni Kocha."

Wakamgeukia Kocha. Kocha akajikuna kisogo.

"Ni kweli. Alikuwa anatolewa kwa faulo kabla mashabiki hawajakaa vizuri. Siku hizi anamaliza mechi, na anatuokotea mipira yote. Mimi mwenyewe nilitaka tutafute senta kutoka nje. Siku hizi sitaki tena."

"Na senta wa kutoka nje," Meneja akasema kwa Mhasibu, "unajua wewe angekula sakafu ngapi."

Mhasibu hakutabasamu. Aliandika kitu.

Loo, Meneja alivyojisikia! Alikuwa amekuja kudanganya, na kumbe kila neno lililomtoka lilikuwa la kweli. Tangu msimu uanze alijiona mwizi, na kumbe mwizi mwenyewe alikuwa ameiletea klabu faida bila kukusudia. Kichwa kikamvimba, moyo ukafunguka. Akasimama, jambo ambalo chini ya ringi halifanywi, akaanza kuonyesha kwa mikono jinsi Mnara anavyomwekea kijana miguu sawa, anavyosema neno moja tu benchi zima likatulia. Kama angeishia hapo hapo, mambo yangeisha. Lakini mtu ambaye hajasikilizwa siku nyingi akipata wa kumsikiliza, kunyamaza anasahau.

"Mnamwona mchezaji aliyechoka," alisema. "Mimi nawaambieni yule ni mwalimu. Mwalimu wa kuzaliwa. Kama yeye hamtampata tena."

Mwenyekiti akavua miwani. Safari hii hakuifuta.

"Mwalimu," alisema polepole. "Si ndicho tunachokosa?"

"Wapi?" Redio akauliza.

"Kituo chetu cha vijana. Tangu yule wa kwanza aondoke, watoto wanarusha mipira ovyo, hakuna anayewaelekeza. Na kituo kiko kule kule mjini kwao Mnara. Ana familia huko, sivyo, Meneja?"

"Anayo," Meneja akasema. Bado alikuwa amesimama.

"Basi tunafanya nini kumweka hapa benchi?"

"Na mshahara wa mwalimu wa vijana," Mhasibu akasema huku akiandika haraka, "uko chini kuliko wa mchezaji. Yeye hatajali, atakuwa analala kwake. Sakafu yangu hiyo naiona."

"Tusubiri msimu uishe," akasema Meneja.

"Kwa nini?"

"Chipukizi bado anamhitaji."

"Amekomaa, bosi," Kocha akasema kwa nia njema kabisa. "Huyo niachie mimi."

"Magoti yake. Safari ni ndefu."

Mhasibu aliinua uso, akamtazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo akiwa ameshangaa kweli. "Umetoka kutuambia sasa hivi kwamba ni mwalimu. Tena wa kuzaliwa. Sasa hutaki afundishe?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Angeweza kusema, mimi nyumbani sina mtu. Maneno yenyewe hayajai hata kiganja, na pengine wale watu watatu, ambao hawakuwa wabaya, wangemwelewa, kabla ya kumfukuza. Alikaa tena kwenye kiti chake.

"Sina pingamizi," akasema.

Walipiga makofi. Mwenyekiti alimshika mkono, akasema kwa miaka yote aliyokaa kwenye kamati hajasikia usajili ukitetewa namna ile. Redio alimwomba radhi kwa ajili ya viti vinavyozunguka, akamrushia mpira, kwa sababu desturi ilikuwa kwamba meneja aliyepona anatupa mmoja kabla ya kutoka. Meneja aliutupa bila kulenga. Uliingia. Wakashangilia, naye alikuwa ameshashika njia ya mlangoni.

Njiani alijifariji. Mnara huenda asitake. Mtu ameshazoea, ana chumba chake, ana kochi lake, atasema bosi, nitafanyaje na baridi ya kule, hebu ongea nao. Kufika karibu na nyumbani alikuwa ameshapanga hata namna ya kuandika kwa kamati kwamba mchezaji amekataa. Ukimwona alivyokuwa anatembea ungemhurumia.

Mnara alikuwa nyuma ya nyumba anaanika bandeji zake. Meneja akamwambia. Alisema kwa sauti ya ofisini, akitazama kamba ya nguo, kwamba kamati imeamua hivi na hivi, na kwamba kama yeye Mnara ana sababu yoyote ya kutopenda, aseme, bado kuna njia.

Mnara aliruka. Magoti yale, ambayo tangu msimu uanze daktari wa timu aliyakataza kuruka, aliyarusha juu mpaka ndoo ikapinduka. Akamkumbatia Meneja, akamwinua kidogo.

"Bosi! Unasema kweli? Usinitanie, bosi!"

"Nakutania ili iweje?"

"Kila siku nilikuwa nataka kukuomba uniachie nirudi, nikawa naona haya. Umenitendea wema, nitaanzaje? Binti yangu wa mwisho ananiita mjomba kwenye simu, bosi. Mjomba! Nikawa nasema nivumilie tu, bosi asije akaona sina shukrani." Alikuwa ameshaingia ndani, anaita kutoka chumbani. "Kumbe uliniona! Kumbe ulijua bila mimi kusema!"

"Ee," akasema Meneja. "Nilijua."

Gari la klabu lilikuwa linakwenda huko mchana huo kupeleka jezi, na dereva akakubali kumpitia. Mnara alifunga mizigo kwa haraka ya mtu anayehofia wataghairi. Meneja alimsaidia kufunga zipu ya begi, akamtafutia chaja chini ya kitanda, akamwekea maji ya njiani. Dereva alipopiga honi, Mnara alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mungu akuzidishie, bosi. Tutaongea." Akajikunja, akaingia kiti cha mbele. Alipunga mkono mara moja tu, kwa sababu simu ilikuwa sikioni na alikuwa anacheka na mtu.

Meneja akarudi ndani. Alikaa mezani kwa makusudi. Alijiambia kwamba hili ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyafanya katika kazi ile, na lilikuwa kweli, na halikumsaidia chochote. Watoto wamepata baba, kituo kimepata mwalimu, klabu imepata sakafu. Kila aliyehesabu alipata. Yeye alilia, wala hakuficha uso, maana amfiche nani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama simu ilipoita. Namba ngeni.

"Shikamoo, bosi," sauti ya mwanamke ikasema, imejaa furaha. "Mimi mama watoto wa huyo mrefu wako."

"Marahaba, mama. Hujambo? Ameshafika?"

"Bado yuko njiani, mimi nimeshindwa kusubiri. Nimesema lazima nikushukuru. Umenirudishia mume wangu, baba. Mungu akulipe. Hawa watoto hapa hawakaliki."

"Hakuna cha kushukuru. Ni kazi yake imemrudisha."

"Aa, usiseme hivyo. Na mama hapo hajambo? Naomba unipe niongee naye kidogo."

Meneja aliinuka mezani.

"Nataka nimshukuru mwenyewe," mwanamke aliendelea. "Mwanaume mzima, na miguu ile, kumpikia na kumfulia muda wote huu si mchezo. Najua kazi ni ya mama. Na huyu wangu kusimulia hajui. Nikimuuliza unakaa na watu wa namna gani huko, ananiambia watu wema. Basi, watu wema, hakuna la zaidi. Hata jina la mama silijui, naona aibu."

Meneja aliegemea ukuta. Wauguzi, ugonjwa, dirisha. Mambo yote yale aliyoyatoa moyoni siku ile, yule mtu aliyasikiliza vizuri, akayapa pole, akayaacha pale pale kwenye kochi. Kila jioni alipotoka kwenda barazani na simu yake hakuwahi kubeba hata neno moja la kumpelekea mkewe. Wala hakuwa na ubaya wowote. Zilikuwa habari za bosi wake.

"Yupo hapo karibu?" mwanamke akauliza.

"Ametoka kidogo, mama," akasema Meneja. "Akirudi nitamwambia."